Mshipa wa Ndugu Yangu

Ndugu yangu mdogo alisimama kwa miaka thelathini na minne. Alikuwa kinyozi, na kinyozi hakai. Duka lake lilikuwa kwenye kichochoro kinachotoka barabara ya Ndia Kuu: chumba kimoja, viti viwili vya kunyolea, kioo kirefu kilichoingia madoa pembeni, na benchi la wanaosubiri zamu. Kusema kweli wengi tuliokalia benchi lile hatukuwa na zamu wala nywele. Tulikwenda kuzungumza.

Mimi nilikuwa nimestaafu ukarani wa ghala bandarini Mbaraki. Mke wangu alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki, na wanangu wako ughaibuni. Kazini nilizoea kuulizwa: mzigo huu wa nani, karatasi ile iko wapi, meli itafunga gati lini. Nilipostaafu hakuna aliyeniuliza kitu tena. Basi kila asubuhi nilishuka ngazi, nikaenda kukaa dukani kwa ndugu yangu, na adhuhuri mkewe akatuletea chakula cha watu wawili. Hivyo ndivyo nilivyoishi, kwa mkono wao, na naliandika hili mapema ili msomaji ajue nilikuwa na deni gani la shukrani.

Siku moja baada ya alasiri alifunga mlango wa duka, akaniambia, "Kaka, tazama hapa." Akapandisha mguu wa suruali.

Nilikuwa sijauona mguu wake tangu tulipokuwa tukiogelea utotoni. Kuanzia ndani ya paja mpaka chini ya goti mishipa ilikuwa imetuna na kujisokota, minene kama kamba ya katani, buluu iliyokolea. Aliibonyeza kwa kidole ikapotea, akaachia, ikarudi.

"Wauma?"

"Jioni ndio wauma. Mchana ni mzito tu, kama nimevaa mguu wa mtu mwingine."

Alikuwa amekwisha kwenda hospitali peke yake mara moja. Alitaka niandamane naye mara ya pili, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na ndiye niliyesoma. Nikaenda. Daktari alimpaka mafuta baridi mguuni, akapitisha kifaa cha picha, kisha akatueleza bila haraka. Ndani ya mishipa ya mguu, alisema, kuna vilango vidogo vinavyoizuia damu isirudi chini inapopanda kwenda moyoni. Vya ndugu yangu vilikuwa vimelegea, na damu ilikuwa ikianguka na kutuama. Dawa yake ni kuufunga ule mshipa mbovu kule juu na kuuvuta utoke. Damu ingepita kwenye mishipa mingine ya ndani, iliyo mizima.

"Kule juu wapi?" ndugu yangu akauliza.

"Kinenani. Tundu dogo, kama vidole viwili."

"Kinenani," akarudia.

Daktari alitabasamu. Akasema ni kazi fupi, na mgonjwa hutembea siku ileile. Tukaandikiwa Jumatatu ya wiki mbili mbele. Barua nikaitia mfukoni mwangu mimi, kama kawaida yangu na karatasi. Tukiwa njiani kurudi ndugu yangu alinishika mkono.

"Kaka, jambo hili libaki kwetu. Mke wangu ajua. Watu wengine waambie nina safari."

"Nimesikia," nikamwambia.

Nililielewa ombi lake bila kuelezwa. Kwetu neno mshipa lina kazi nyingi. Ipo mishipa ya damu, ipo ya shingo inayosimama mtu akigomba. Lakini mwanamume akitajwa kuwa "ana mshipa", pasipo kuongezwa neno, hakuna anayefikiria shingo wala mguu. Watu hufikiria ule uvimbe wa chini unaomfanya mtu atembee mapaja mbalimbali na ashone kanzu pana, na ambao, kwa haki au bila haki, huhesabiwa pamoja na kushindwa kuzaa. Ndugu yangu na mkewe hawakujaaliwa mtoto. Walikuwa wameishi miaka ishirini na kitu, wakipendana, na mji ukiwatazama.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya sala, duka lilikuwa limejaa. Kwenye kiti alikuwapo mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, akinyolewa ndevu. Kwenye benchi tulikuwa watano, na kiongozi wa benchi, siku hiyo kama siku zote, alikuwa fundi saa wa mlango wa pili, mtu wa ulimi mwepesi.

"Ehe, bwana mstaafu," akaniambia, "leo umeteremsha meli ngapi?"

"Mwache, yakhe," akadakia mwingine. "Leo ameteremka ngazi za nyumbani kwake. Si haba."

Wakacheka. Ulikuwa utani wa kila siku, na siku nyingine ningejibu. Siku ile ulinichoma. Nilikaa nikitafuta kitu cha kusema kitakachowageuza wasinicheke mimi.

Mzee wa vitambaa, povu limemjaa kidevuni, akamuuliza ndugu yangu, "Fundi, nasikia Jumatatu ya pili hufungui. Kwema?"

"Kwema, baba. Nina safari kidogo."

"Wewe safari!" fundi saa akasema. "Wewe hata feri hujaipanda mwaka wa ngapi huu! Wenda wapi?"

Ndipo mimi nikasema: "Safari gani! Nduu yangu yuwaenda kupasuliwa mshipa."

Nilijua nilichosema. Nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba liliniponyoka. Halikuniponyoka. Nililichagua, nikalisema bila kuliongezea kitu, nikanyamaza mahali palipohitajika kunyamaza, kama afanyavyo mtu anayejua kusimulia.

Kisha fundi saa akapiga goti kwa kiganja. "Lahaula! Kumbe ndio maana nyumba iko kimya miaka yote hiyo!"

Benchi likaangua kicheko. "Usijali, fundi," mmoja akasema, "wakishakukata utaleta mapacha." Mzee wa vitambaa hakuweza kucheka kwa sababu wembe ulikuwa kooni, lakini tumbo lake lilikuwa likiruka chini ya shuka.

Ndugu yangu aliondoa wembe, akaupangusa kwa kitambaa, akanitazama kupitia kile kioo. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa ananingojea. Yalibaki maneno mawili tu, "wa mguu", na wale wote wangeona haya. Mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote, na nilijisikia vizuri, na hilo ndilo linalonitia uchungu zaidi kulikumbuka.

Jioni nilimkuta nyumbani kwake amekaa barazani, mguu ameuweka juu ya kigoda.

"Sendi," akasema.

"Huendi wapi?"

"Hospitali. Nitoke huko na bandeji kinenani, nimueleze nani kwamba ni mguu? Nimpandishie nani suruali?"

"Watu watasahau. Ulikuwa mzaha."

"Wewe ulijua ni mguu," akasema.

Ningeweza kurudi Jumamosi nikalisahihisha benchi. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Nilijiambia kwamba nikilirudia jambo nitalikuza, na kwamba yeye mwenyewe atatulia aende. Jumatatu ya hospitali ikafika, ikapita. Mkewe akapanda ngazi kuja kwangu, mtandio ameukaza chini ya kidevu.

"Shemeji, mbona hataki kwenda? Nimemuuliza hanijibu. Kumetokea nini?"

Nikamwambia, "Ameogopa kisu."

Hilo lilikuwa la pili, na labda ndilo baya zaidi. Lile la kwanza nililisema mbele za watu, kwa kutaka sifa. Hili nililisema mlangoni pangu kwa mwanamke aliyekuwa akinipikia, na sikuwa nataka chochote ila aondoke asiniulize tena. Naye aliliamini. Tangu siku hiyo alimsuta mumewe kwa upole kwanza, kisha bila upole. "Mwanamume mzima aogopa sindano! Wanawake wapasuliwa matumbo wakatolewa watoto, wewe waogopa mguu?" Ndugu yangu hakumjibu. Angemjibu vipi? Ingembidi amwambie yaliyosemwa dukani kuhusu nyumba yao, na yeye alikuwa radhi aitwe mwoga kuliko mkewe ayasikie yale.

Ilipita miaka sita.

Mwanzo alifunga bandeji ya kubana, akapaka mafuta ya habasoda. Mpiga chuku, mwenye kuumika kwa pembe, alimtoa damu mgongoni mara mbili, na haikusaidia kitu. Kisha ngozi ya juu ya kifundo cha mguu ikaanza kugeuka rangi, kahawia kama chai ya rangi iliyochacha, ikawa ngumu, ikawa inamwasha. Siku moja aliikuna akiwa usingizini. Pakatoka kidonda kidogo kama punje ya mahindi. Kilifunga, kikafunguka, kikafunga tena, kisha hakikufunga kabisa. Nilipokiona mwaka wa tano kilikuwa kimefika upana wa kiganja cha mtoto.

Na yeye akaendelea kusimama. Alianza kuchoma udi dukani, kila siku, tangu anafungua mpaka anafunga. Wateja walimsifu. "Fundi, duka lako siku hizi kama chumba cha bibi harusi!" Mimi nilijua udi ule ulikuwa unafukuza nini. Nilikaa kwenye benchi nikiunusa, nikanyamaza, na adhuhuri nikala chakula kilicholetwa.

Mshipa ulipasuka Jumanne moja asubuhi. Alikuwa akimnyoa mtu kichwa. Mimi ndiye niliyeona kwanza sakafu: mstari wa damu ukitambaa kutoka kwenye kiatu chake kuelekea mlangoni. Aliyekuwa kitini akauona, akaruka, akajishika shingo, kichwa akakishika, akitafuta alipokatwa.

"Si wewe, bwana," ndugu yangu akamwambia kwa sauti ya kawaida. "Ni mimi." Kisha akayumba.

Nikamshika, nikamkalisha kwenye kiti chake cha kunyolea, miguu ikining'inia. Nilidhani namsaidia. Damu ikazidi, ikawa inaruka kama maji ya bomba lililotoboka. Nilikuwa nimesimama na taulo mkononi nikiita watu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka soko la Marikiti na kikapu chake cha mboga aliingia, akanisukuma kando. "Mlaze chini, mzee! Mguu juu! Juu!" Akaupachika mguu wa ndugu yangu begani mwake, akakandamiza kwa kiganja penye tundu, na damu ikasimama. Nyanya zake zilikuwa zimetawanyika dukani kote. Alibaki hivyo, akinigombeza kwa kutomjali mgonjwa wangu, mpaka tuktuk ikapatikana.

Hospitali safari hii daktari alikuwa mwanamke, kijana, mwenye hijabu nyeusi na maneno machache. Mke wa ndugu yangu alikuwa amekuja mbio, na kwenye mkoba wake alikuwa na ile barua. Nilikuwa nimempa yeye aihifadhi siku ile ile niliyomdanganya. Daktari akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Barua hii ina miaka sita. Wakati huo hakuwa na kidonda. Kwa nini hamkuja?"

"Aliogopa kisu, daktari," mkewe akasema.

Ndugu yangu alikuwa amelala kitandani. Hakunitazama. Alitazama dari, kama mtu ambaye jambo lile halimhusu tena. Nafikiri angenitazama nisingesema.

"Hakuogopa," nikasema. "Ni mimi. Nilisema dukani kwamba anapasuliwa mshipa. Sikusema ni wa mguu. Watu wakaelewa vingine, na mimi nikawaacha. Akaona haya kuja. Kisha wewe uliponiuliza, nikakwambia ameogopa."

Daktari alinitazama kwa muda mfupi tu. Sidhani alikuwa na nafasi ya kuhukumu mtu. "Haya," akasema, "tutasafisha kidonda kwanza, kisha tutamfanyia ile kazi iliyotakiwa." Akaandika.

Tulipotoka nje ukumbini mke wa ndugu yangu alisimama ukutani. Nilingojea anitukane. Ningemshukuru.

"Miaka sita," akasema, "namwita mume wangu mwoga." Akarudi ndani, akaufunga mlango.

Siku ya kupasuliwa nilikwenda bila kualikwa. Wakati wa kuandaliwa waliniacha nikae karibu na pazia, na nikamsikia muuguzi, mama mmoja wa Kigiriama mwenye sauti nzito, akimnyoa pale palipotakiwa kukatwa.

"Wembe huo butu, mama," ndugu yangu akamwambia.

"Wewe umejuaje?"

"Nina miaka thelathini na minne nayo kazi hiyo. Uegemeze kidogo. Hivyo. Usivute, telezesha."

"Basi lala, fundi, usije ukanidai ada ya kunifundisha."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikuwa nimesikia kicheko chake muda mrefu.

Kisha daktari akaja na kalamu. Alimwambia asimame, kwa kuwa mishipa ile huonekana vizuri mtu akiwa wima, akapiga magoti chini na kuichora yote juu ya ngozi, kutoka kinenani kushuka, kwa mistari na misalaba midogo. Pazia lilikuwa wazi. Ndugu yangu alisimama pale ameshika ukingo wa kitanda, mguu umechorwa kama ramani. Ilichukua dakika kumi. Wakampeleka.

Nilikwenda kantini nikaagiza chai. Nilipokuwa kwenye kikombe cha pili yule muuguzi akatokea mlangoni, akaita mbele ya watu wote: "Nani yuko na mzee wa mshipa?"

Wanaume wawili walinyanyua macho, wakatazamana, wakatabasamu. Nikasimama. "Wa mguu," nikasema kwa sauti, na yule muuguzi akanishangaa.

"Najua ni wa mguu, mzee. Ameshamaliza. Mke wake anauliza kama una ufunguo wa nyumba, akachukue shuka."

Ilikuwa imeisha. Sindano moja ya mgongo kumtia ganzi kutoka kiunoni kwenda chini, tundu moja la juu, mengine madogo madogo kushuka, bandeji kutoka vidoleni mpaka pajani, na kabla ya magharibi akawa ametembezwa hatua zake za kwanza kutoka kitandani hadi dirishani. Kazi ile aliyoikosa miaka sita, katika maumivu na harufu, ilikwisha kabla hata sufuria moja ya chai ya kantini haijaisha.

Kidonda kimepungua sasa, lakini ngozi ile ya kahawia haitarudi, na kifundo kimekuwa kigumu. Daktari alisema laiti angekuja kwa barua ya kwanza angepona akabaki na kazi yake. Sasa akisimama kutwa, kidonda kitafunguka. Viti viwili vya kunyolea vimeuzwa. Kioo kilivunjika wakati wa kukitoa.

Nilikwenda kwa fundi saa. Nilimkuta jicho lake moja kwenye darubini yake ndogo, mkononi koleo. Nikamwambia kwamba yale niliyosema miaka ile kuhusu ndugu yangu yalikuwa ya mguu.

"Yapi?" akauliza.

Nikamkumbusha. Nikamkumbusha na aliyosema yeye, ya nyumba kimya.

"Mimi nilisema hivyo?" Aliondoa darubini, akafikiri kwa dhati. "Sikumbuki, yakhe. Wallahi sikumbuki. Yatakuwa maskhara tu." Kisha akaniuliza kama saa yangu bado inakwenda mbele.

Nilimpelekea ndugu yangu habari kwamba nimewaambia watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mguu juu ya kigoda, soksi ya kubana imefika gotini. "Vyema," akasema. Mkewe hakutoka ndani. Chakula chake bado naletewa, huletwa na mtoto wa jirani yao, sahani imefunikwa vizuri, na kila nikirudisha sahani napokelewa na jirani huyohuyo.

Daktari alimwamuru atembee kila siku, asubuhi na jioni, asikae wala asisimame mahali pamoja. Nikamwambia nitatembea naye, sina kazi nyingine duniani. Akasema anatembea na mke wake. Basi hupita wote wawili chini ya nyumba yangu, polepole, kila baada ya sala ya asubuhi, yeye akiburura ule mguu kidogo. Mimi huwa nimeshashuka, nimeketi barazani.

Zamani alikuwa hapigi hodi kwangu. Alikuwa akiingia, anakwenda moja kwa moja jikoni, anafunua sufuria, anauliza kwa nini mwanamume mzima hana sukari. Sasa wakifika mlangoni hupunguza mwendo kiasi cha adabu.

"Salaam aleikum, wenye nyumba," husema, kama anavyosema mtu anayepita kwa watu asiowajua.

"Waaleikum salaam," namjibu, nami huongeza mengine, mguu waendeleaje, karibuni chai. Lakini daktari alimkataza kusimama, na wanakuwa wameshapita.